Nusu ya Ua na Kisomaji Kipya cha Disketi

Mgeni rasmi, Pak Haji Suhendar, mmiliki wa karakana yetu,
Waalikwa wote mliokuja kushuhudia jambo hili kubwa:

MAKARIBISHO
Sisi watarizi wa Kembang Lilin, hapa Kawalu, tunakukaribisha kwa furaha. Umevumilia foleni yote ya Bandung ili uje kuzindua kisomaji cha disketi, kifaa kinachoenea kwenye sahani ya wali. Utepe utakaoukata ni mrefu kuliko kifaa chenyewe. Tumeutarizi kwa mkono, kwa kuwa mashine ya kutarizi imesimama.

HISTORIA
Kompyuta yetu ilinunuliwa na marehemu baba yako. Kila nakshi huingia humo kwa disketi ndipo mashine ishone. Kisomaji cha zamani kilipolegea, tulikibana kwa kadibodi ya pakiti ya sigara za kreteki. Kikakaa upande, kikafanya kazi, nasi tukaendelea kuhifadhi nakshi zetu kwacho miaka yote.

Mojawapo ni ua la melati, yaani yasmini, la Ceu Iyah, mchoraji wetu. Alilichora akiwa mgonjwa, kwa ajili ya kebaya, blauzi ya harusi ya binti yake, Neng Wida, mtarizi mwenzetu. Ceu Iyah hakupona. Tunamkumbuka kila siku.

MAFANIKIO
Mwezi uliopita wewe, Pak Haji, ulituonea huruma. Ukatuletea kisomaji kipya, ukaondoka na kile kibovu kabla hatujamaliza kushukuru. Tangu hapo tumepiga hatua. Tumejifunza kusafisha kichwa cha kisomaji kwa spiriti, kubadilisha waya, kuzima na kuwasha, na kuipuliza disketi mpaka kizunguzungu. Mang Odang, mlinzi, ameiombea dua. Disketi tupu zinasomeka vizuri mno.

CHANGAMOTO
Zenye nakshi ndizo hazisomeki. Fundi uliyemtuma alicheka mpaka akakaa chini.

"Hiki kipya hakina kosa, mama zangu," alisema. "Kile chenu kilikuwa kinaandika upande. Sasa hiki kilichonyooka kitayaona wapi maandishi hayo?"

"Basi na hiki kipindishe," mwenzetu Teh Lilis akamwambia.

"Kwa kiasi gani? Kadibodi yenu naijua mimi? Mwambieni Pak Haji awarudishie kile."

"Si umwambie wewe, unayekula naye meza moja?"

"Mimi nina watoto, Teh."

Kwa hiyo kazi hiyo imetuangukia sisi, ambao pia tuna watoto.

MAOMBI
Hatuombi nyongeza, wala feni uliyotuahidi. Tumesikia kisomaji cha zamani kipo ofisini kwako, unakitumia kukandamizia karatasi, na kadibodi bado imo. Tunashukuru kwa heshima uliyokipa. Tunaomba utuazime ubovu wetu kwa siku moja tu, tunakili nakshi kwa hiki kipya, kisha tutakurudishia kikiwa kimefutwa vumbi. Karatasi zako zinaweza kushikiliwa na jiwe. Harusi ni wiki ijayo.

Mwisho, pokea zawadi yetu, kitambaa hiki cheupe. Mara moja tu mashine ilifanikiwa kusoma ua la Ceu Iyah na kulishona hapo mpaka katikati, ikakwama. Nusu nyingine, Mgeni rasmi, imekaliwa na kile kilicho juu ya karatasi zako.

Mwenyezi Mungu akufikishe Bandung salama, na akurudishe kwetu upesi ukiwa na mzigo mdogo mkononi.

Ni sisi watarizi wa Kembang Lilin, Kawalu.
Imeandikwa na wote. Imesomwa na Wida, binti wa marehemu Iyah.