Bukavu–Kinshasa, Masaa Mbili

Mbele ya kinyozi wa Kasha, kule Bagira, kuna benchi lenye miguu mitatu na tofali moja. Juu yake, kila asubuhi, wanakaa wataalamu wa ndege ambao hawajapanda hata moja, Mungu awasamehe. Pilote aliwahi kushusha magunia ya maharagi kwenye uwanja wa ndege wa Kavumu. Docta alifagia miaka tisa chumba cha mashine ya kupima matetemeko ya ardhi huko Lwiro. Papa Gaston yeye hana cheo. Ana mke Kinshasa. Agathe alienda Julai 1998 kumwangalia binti yao aliyejifungua, majuma mawili tu. Mwezi wa nane vita ikaikata nchi, ndege zikakoma, na huu ni mwaka wa tatu. Mfukoni Gaston alikuwa na barua ya Agathe na karatasi tupu ya Croix-Rouge, Msalaba Mwekundu, ya kumjibu. Karatasi zingekusanywa leo. Lakini aibu ilimshika: mwanaume atamwandikia nini mkewe, naye hajui hata umbali wa kumfikia?

— Docta, ni kilometre ngapi mpaka Kinshasa? akauliza.

— Mille cinq cents, elfu moja na mia tano. Nilipima na uzi ya fundi nguo, ku karte ya paroisse, ile ramani ya kanisa.

— Ile karte panya ilikula jimbo ya Kasaï yote! Pilote akaruka. Pale pa tundu ulifanya nini?

— Nilizunguka tundu.

— Basi hiyo ni kilometre ya panya!

Docta akameza kahawa na tusi pamoja.

— Tuseme masaa mbili ya ndege.

— Saa moja! Pilote akabisha. Unatoka huku saa ine, unafika kule saa tano. Saa yao iko nyuma saa moja.

— Na kurudia? akauliza Gaston.

— Masaa tatu. Kuenda iko mutelemuko, papa! Ukifika Kindu unazima moteri, unateleza tu.

Gaston alifurahi, kisha akaona haya kwa kufurahi.

— Sasa mimi niko karibu na Agathe, lakini yeye iko mbali na mimi?

— Njo vile, ndiyo hivyo! akasema Pilote.

Docta hangekubali kushindwa na mbeba magunia.

— Ninyi hamukusoma. Dunia inazunguka. Ndege ipande, isimame mu hewa. Kinshasa itakuja yenyewe chini yake.

Wakatazama juu, wazee watatu wenye wajukuu, eti waone kama Kinshasa inakuja.

Hapo akafika Séraphine, mama mgeni mtaani, ambaye ndiyo kwanza amepewa kazi ya kukusanya zile karatasi, orodha ya majina mkononi.

— Papa Gaston, haujaandika kitu?

— Tungali tunapima, maman.

— Munapima nini? Maman Agathe alikuuliza nini?

Pilote akamtazama Docta. Docta akatazama kikombe. Mwezi mzima walikuwa wamegombana hadi kununiana, na hakuna aliyewahi kuuliza barua inasema nini. Gaston akaifungua, ingawa aliijua kwa moyo.

— Aliniuliza kama ningali namungojea.

Hata kinyozi alisimamisha mashine yake. Gaston akaomba kalamu ya bic. Alijiona mjinga kabisa, na moyo ulimuuma kwa zile siku zote ambazo Agathe alikaa bila jibu. Akaandika: «Ndiyo. Ningali nakungojea.»

— Ongeza na yale masaa mbili, Docta akanong'ona.

— Nyamaza, Docta, akasema Gaston, naye analia.