Maisha ya Yuditha Naitoi Keriako, Aliyelainisha Brashi za Kucha Manundu

Mchungaji, ndugu waombolezaji, majirani wa Manundu, na ninyi mliosafiri kutoka Handeni, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya marehemu, nami ni Tiampati Lomayani, kaka mkubwa wa baba yake mzazi. Jina lake kamili ni Yuditha Naitoi Keriako. Ninalitaja mwanzoni kwa sababu shada lililoletwa na wenye saluni limeandikwa "Mama Brashi", na hilo halikuwa jina lake.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Agosti 1971 katika kijiji cha Kibirashi, ambacho wakati huo kilikuwa Wilaya ya Handeni, akiwa mtoto wa tatu wa Keriako Lomayani na mkewe Nasha, ambao wote wawili wametutangulia. Jina la Naitoi alirithi kwa bibi yake, mshona shanga, ambaye ndiye aliyemlea, akamfundisha kushika uzi mwembamba bila kuukaza, na kungoja mkono utulie kabla ya kuvuta. Alibatizwa kwa jina la Yuditha siku ya Pasaka, tarehe 15 Aprili 1979.

Kuanzia mwaka 1979 hadi 1985 alisoma shule ya msingi mjini Handeni, akiishi nyumbani kwangu, akamaliza darasa la saba na kufaulu, lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache na yeye hakupata, akarudi Kibirashi kumsaidia mama yake. Mwaka 1988, nguo za mitumba zilipoanza kuingia kwa wingi, alihamia Korogwe kuuza nguo hizo, na hapo akakutana na Stefano Mhando, karani wa shamba la mkonge, wakafunga ndoa tarehe 19 Desemba 1992 huko Old Korogwe, wakajaliwa watoto wawili, Nasha, aliyezaliwa mwaka 1993, na Lomayani, aliyezaliwa mwaka 1996. Shamba lilipopata mwenye mali mpya mwaka 1997, Stefano alipunguzwa kazi pamoja na wenzake, na tangu siku hiyo nyumba hii mlimoketi ililishwa na mikono ya mkewe.

Mwezi Machi 1998 marehemu aliajiriwa katika saluni ya Bi Mashavu Athuman, hapa Manundu, kwanza kwa kusuka, kisha kwa kucha za poda, ambazo mabibi harusi walikuwa wameanza kuzitaka baada ya kuziona Dar es Salaam. Kwa wale wasioijua kazi hiyo, poda huchukuliwa kwa ncha ya brashi iliyochovywa katika dawa ya maji yenye harufu kali, ikawekwa juu ya ukucha, ikaganda, na brashi ikiachwa bila kufutwa nayo huganda vilevile, ikawa ngumu kama kijiti. Brashi nzuri ni za nywele za mnyama, nazo zilikuwa hazipatikani Korogwe, na wengi waliziharibu kwa haraka yao, wengine wakizitia katika asetoni, ambayo huondoa poda na kuziacha nywele zimekauka na kujikunja, wengine wakizikwaruza kwa wembe, na yuko mmoja aliyeivuta brashi kwa meno.

Yuditha hakufanya hivyo. Aliilaza brashi iliyoganda ndani ya kisosi chenye dawa ileile ya kucha, akaiacha mpaka poda ilegee yenyewe, ndipo akaibana kwa vidole kuanzia shinani kwenda nchani, kidogo kidogo, akiifuta kwa kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi, na mwisho aliichonga ncha kwa vidole na kuilaza juu ya kitambaa, kwa kuwa brashi ikisimamishwa wima dawa hushuka shinani na kulegeza gundi. Iliyokwisha kulegea gundi aliifunga shinani kwa uzi wa shanga, kama alivyofundishwa na bibi yake. Bi Mashavu alizoea kumtania mbele ya wateja kwa brashi hizo zilizolazwa, "Mmasai, ng'ombe wako wamelalaje leo?" naye marehemu akamjibu bila kuinua macho, "Wangu wamelala salama, dada, wako ndio wamesimama kwenye glasi tangu jana," na saluni nzima ikacheka. Alipenda mzaha huo, nami sitaki mtu adhani kwamba aliichukia kazi yake.

Sifa yake ilienea, saluni nyingine za Korogwe zikaanza kumletea brashi zilizokufa, na za Handeni zikamfikia kwa mikono ya makondakta wa mabasi, zimefungwa katika karatasi, kila moja na jina la mwenyewe. Nilimwona akizifanya kazi hizo katika chumba cha saluni ambacho dirisha lake lilikuwa limepigiliwa misumari, kwa sababu chembe ya vumbi la barabarani ikiangukia kucha mbichi huonekana. Mwaka 2000, macho yakimtoka machozi kwa ile harufu, aliomba dirisha lifunguliwe walau wakati wa kulainisha brashi, akajibiwa, "Vumbi likiingia, wateja nitawapeleka wapi?" akaomba kufanyia barazani, akajibiwa kwamba dawa itakauka kwa upepo na dawa haikuwa ya kumwaga. Dirisha halikufunguliwa.

Kikohozi kilimwanza mwaka 2001, ngozi ya vidole ikapasuka, na kifua kikawa kinambana kila alipoinama. Alipimwa kifua kikuu, hakikuonekana, na mwezi Novemba 2002 daktari alimweleza kwa maneno ambayo Stefano aliyasikia na mimi niliyasikia, "Mama, ukiacha ile dawa unaweza kupona, ukiendelea kuivuta sina la kukusaidia." Aliacha kazi wiki hiyohiyo. Kufikia Pasaka ya mwaka 2003 alikuwa anatembea mpaka sokoni na kurudi bila kupumzika njiani, alilima mchicha nyuma ya nyumba, na familia ilikuwa imeanza kushukuru.

Ndipo wenye saluni wakaanza kuja kumjulia hali. Sisi sote tunajua kwamba mtu hamtembelei mgonjwa mikono mitupu, na kwamba mgonjwa hakatai alicholetewa, kwani kukikataa ni kumkataa aliyekileta. Walikuja na sukari, na mchele, na sabuni, na chini ya sukari, ndani ya mfuko uleule, palikuwa na brashi. Hawakumwagiza, walisema tu, "Ukipata nafuu, mama, uiangalie," au, "Send-off ya bibi harusi ni Jumamosi, lakini wewe usijali." Walijua hataweza kutojali. Nilipomkanya aliniambia, "Baba mkubwa, nikiiacha mpaka Jumatatu itakuwa mti," nikamwambia basi na iwe mti, na jioni ile kisosi kilikuwa mezani. Stefano aliificha chupa ya dawa, na baada ya siku chache ikaja nyingine, imezungushiwa khanga mpya ya zawadi, kutoka kwa Bi Mashavu.

Mwezi Desemba 2003 pumzi ilimwishia tena, akalazwa hospitali ya wilaya, akaruhusiwa, akalazwa mara ya pili, na tarehe 18 Februari 2004, saa nne asubuhi, Yuditha Naitoi Keriako alifariki dunia akiwa na umri wa miaka thelathini na miwili, akiacha mume, watoto wawili, na kisosi kimoja dirishani chenye brashi aliyoanza kuilainisha kabla ya kulazwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliosema ukweli mapema. Inamshukuru jirani Bibi Rukaya Jabiri, ambaye alikuja kila siku, akafua, akapika, na hakuleta mfuko wowote. Inawashukuru walioleta khanga, sanda na rambirambi. Wenzake wa kazini ni desturi kuwashukuru, nami nimefika mahali pao.

Leo asubuhi, maiti ikiwa ndani, mama mmoja alimpa Nasha pole, akamshika mkono, kisha akamwuliza kama brashi yake ilikuwa imekwisha kulainishwa. Mtoto huyu ana miaka kumi. Jina la mama huyo ninalijua lote, la kwake, la baba yake na la saluni yake, na sitalisoma.

Kwa hiyo brashi tumeziweka zote juu ya meza pale mlangoni, kando ya bakuli la rambirambi, kila moja na karatasi yenye jina la mwenyewe. Zimelazwa, hazikusimamishwa. Baadhi ni laini na ziko tayari, nyingine hakuzifikia, nazo ni ngumu na zitabaki ngumu. Wenyewe wazichukue sasa, mbele ya watu, kabla jeneza halijatoka, ili asitoke kwake akiwa bado anadaiwa kazi. Tutangoja.

Pumzika kwa amani, Yuditha Naitoi Keriako. Madirisha yote ya nyumba hii yako wazi, na hakuna tena atakayekuja kukujulia hali.