Jina la Santan Daftarini

"Umeyafuta maneno ya Mama!"

"Nimeyasafisha, Filu. Haya ni ya kigeni. Daftari lake la maneno ya lugha yetu likichapwa nayo, wasomi wa mjini Panji watatucheka."

"Wakucheke wewe, Inas, uliyesoma mpaka ukasahau kwenu!"

Nyamazeni, wanangu, sijafa bado. Sikilizeni. Inas, rudisha kila neno ulilolifuta. Hata hii mez, meza hii tunayolia chakula, babu zetu walipokea jina lake kwa Wareno, wakalikata mkia likawakaa mdomoni, na leo nani ataliita geni? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Mlikuwa wadogo. Mabaharia wa kijiji chetu cha Velim wakirudi, sanduku lilifunguliwa barazani, mtaa mzima ukajaa, na kila kilichotoka kilitafutiwa jina kabla hakijaguswa: pasi, redio, ile mashine ya kusaga nazi iliyomkimbiza bibi yenu mpaka kanisani. Neno la kigeni lilipinduliwa huku na huku mpaka hata wazee wasio na meno wakaliweza. Hapo nililiandika daftarini, na pembeni nikatia jina la aliyelitamka kwanza. Ah, tulicheka sana miaka ile.

Sasa dhambi yangu. Kwenye neno friz mnasoma jina la baba yenu. Ni uongo. Aliyelitamka ni mjomba wenu Santan, siku alipolileta jokofu la kwanza, kalibeba mgongoni kutoka kivukoni. Baadaye tuligombania minazi ya marehemu mama yetu, nikalikwangua jina lake kwa wembe mbele ya macho yake, nikaandika la baba yenu. Miaka thelathini na moja hajakanyaga hapa. Unaona, Inas, kufuta kunavyogharimu?

Minazi ya upande wa kisima mrudishieni. Nyumba hii ni yenu wawili, msijenge ukuta katikati. Daftari ni la Filu, na wewe Inas ulipeleke likachapwe zima, jina la Santan likiwa mahali pake. Asubuhi nilituma mtu akamwite. Sijui kama atakuja.

Sogeeni. Sauti inaniishia. Mungu awape... awape chakula cha kutosha, na ndugu wa kula naye... Maji, Filu... Nani huyo anabisha? Inas, mfungulie. Ni Santan?

"Ni mimi, dada. Nasikia unanirudishia neno langu. Mimi miaka yote hii nilitaka salamu tu."