Biblia ya Leonida

Mwaka wa sabini na saba, katika basi la Malaba, mbele yangu walikaa wanaume wawili waliokutana Bumala. Ojiambo, mzee wa kanisa, alipakata Biblia iliyofungwa kwa gazeti kama nyama. Jirani yake Ochuodho, mwuza samaki, alikuwa na sauti ya kumfikia dereva.

"Kanisa lenu limepigwa marufuku Uganda," alisema Ochuodho. "Unavuka kutafuta nini?"

"Watu tisa wananingoja Tororo, wanasali nyumbani kwa mtu. Mwezi jana askari wa daraja la mpakani aliniuliza hii Biblia ni ya nani. Nikasema ni ya mke wangu, mimi sijui kusoma. Na Leonida mwenyewe alikuwa nyuma yangu kwenye foleni."

"Si mlipita?"

"Tulipita. Jumapili nikasimama kanisani kuwahimiza wanaume wawe na ujasiri. Leonida alikaa safu ya kwanza, ananiangalia tu."

Nami nina mke. Jicho hilo nalijua.

"Mzee, sema tena ni ya mama. Mungu anajua moyo wako."

"Anajua. Ndiyo sababu silali."

"Una watoto!"

"Ninao. Nao walinisikia nikihubiri."

Basi likasimama Malaba. Ojiambo akalifungua gazeti, akaliacha kitini. Juu ya jalada la Biblia alikuwa ameandika jina lake kwa herufi kubwa kama za bango la duka. Akateremka, akaelekea darajani.

"Mzee!" Ochuodho alimwita dirishani. "Umesahau gazeti lako!"

Hakugeuka.