Chumvi Niliyoimwaga kwa Bi Mwanaidi

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa zake. Leo sikuja kulia hapa mbele. Nimekuja na hasira, mnivumilie.

Mimi ni Mama Neema, napika maandazi Jang'ombe, hapa kisiwani. Hatua chache kutoka kibandani kwangu yuko Bi Mwanaidi, mtu mzima wa makamo ya mama yangu, naye anapika maandazi. Kila Ramadhani, kwa kuwa mchana hakuna mlaji, nilikuwa nafunga kibanda, nakwenda zangu bara kwa mama mwezi mzima. Nikirudi, wateja wameshahamia kwa Bi Mwanaidi. Mwaka wa kwanza nikanyamaza. Wa pili nikalia. Wa tatu nikatafuta mchawi.

Na mchawi nikapewa. Nikapewa na watu wa maombi! "Adui yako yuko mlangoni pako," wakaniambia. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza: wewe mama, mwezi mzima hukuwapo, ulitaka watu wanywe chai kavu wakikusubiri? Hakuna. Wakaiombea chumvi, wakanituma nikaimwage kwenye baraza ya yule bibi alfajiri. Nami nikaenda nikaimwaga, mwanamke mzima na akili zangu.

Wiki ile ile karai likanipindukia, mafuta yakaniunguza mkono huu mnaouona. Nikalala ndani wiki tatu. Nikajua kibanda ndiyo basi tena. Watu wa maombi walikuja mara moja tu, wakasema adui amejibu mapigo, wakaenda zao.

Kumbe huyo adui, kila asubuhi akishapika yake, anahamia kwenye jiko langu anapika na yangu. Mteja akipita anamwambia, "Mama Neema yupo, kaungua tu. Chukua hapa hapa pake." Nilipotoka ndani, wateja wangu niliwakuta mlangoni kwangu.

Nikaona haya, ndugu zangu. Nikamfuata, nikampa shikamoo, nikamweleza habari ya chumvi. Akacheka.

"Nliiona, mwanangu. Nkadhani imekumwagikia, nkaifagia. Sasa nsikilize. Mteja akishakuzoea, akukute. Ramadhani hii usende bara. Sisi tunafunga mchana, jioni tunakula. Pika alasiri."

Nikapika alasiri. Yakaisha kabla ya adhana ya magharibi. Tangu hapo kibanda changu hakijafungwa tena mwezi mzima.

Mungu ameniokoa, nasema bila kupepesa macho. Lakini hakuniokoa na Bi Mwanaidi. Aliniokoa na upumbavu wangu, na mkono alioutumia ni wa Bi Mwanaidi. Wewe ambaye kibanda chako kinayumba, mtumaini Mungu, fungua kila siku, na jirani yako mwamkie. Usikubali mtu akuuzie adui.

Na atakayeniletea tena chumvi ya kumwagia jirani, ailete. Nitaitia kwenye unga, na andazi la kwanza nitampelekea Bi Mwanaidi.