Radhi Mbele ya Watu Arobaini

Treni ya asubuhi ilipoondoka Soga, dada aliyekaa mbele yangu alimwamkia mzee jirani yake, akajitambulisha kuwa anaitwa Herieth, na kabla hatujafika mbali alikuwa ameshamweleza yaliyomkuta kwenye kiwanda cha korosho anakofanya kazi, Kisarawe. Siku moja alikuwa anarudi kazini kutoka kumnyonyesha mwanawe, msimamizi wake Mwinshehe akamwita mvivu mbele ya wafanyakazi arobaini.

“Ukaenda kushtaki?” mzee aliuliza.

“Hapana, baba. Tulimchagua mama Matilda wa stoo, tunayemwamini wote wawili, akatukalisha. Mwinshehe alikiri hakuijua haki ya mama anayenyonyesha. Muda wangu nimepewa, na radhi ameniomba.”

“Basi yameisha, mwanangu.”

“Hayajaisha. Alinidhalilisha mbele ya watu arobaini, akaniomba radhi mbele ya mmoja.”

Mzee alitikisa kichwa. Alisema amekuwa mwalimu mkuu miaka ishirini, na bosi ukimwaibisha mbele ya watu wake, amani inavunjika. Nilihisi mwenzetu huyu hajawahi kuomba radhi mbele ya darasa.

“Simwaibishi,” Herieth alisema. “Wapo wenzangu watatu wananyonyesha, wanaogopa kutoka. Wakisikia kwa kinywa chake mwenyewe, watatoka.”

“Na akikataa?”

“Leo saa mbili tunakaa tena. Tutakaa mpaka tuelewane.”

Treni ilisimama Pugu, wanaposhukia waendao Kisarawe. Mzee alikuwa ndiyo kwanza anasema “lakini,” na Herieth alikuwa ameshamuaga kwa heshima, yuko mlangoni.