Ile Sauti ya Katikati

Ukitaka habari ikiwa bado ya moto, nenda benchi la kahawa lililo mbele ya duka la kinyozi, pale lami inapokutana na barabara ya vumbi. Mwenye birika wamembatiza Gongagonga, kwa sababu haketi, hajiegemezi wala haingii mlango wowote bila kugonga kwanza kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Hugonga ukuta, meza, na hata benchi lake mwenyewe kila asubuhi. Watu walicheka mpaka wakazoea. Siku hiyo alikuwa na karatasi mfukoni, na furaha na hofu vilimjia kwa mpigo mmoja. Binti yake alikuwa amepata ufadhili wa kusomea uhandisi wa migodi chuo kikuu: ada, malazi, vitabu, hadi buti na kofia ngumu. Ilibaki sahihi ya mzazi tu, ya kuridhia mtoto ashuke mgodini kwa mafunzo, na fomu ilitakiwa ofisini kabla ya saa sita.

Saa nne ilishapita, na kalamu hajaigusa.

Kinyozi, ambaye wanamwita Redio maana hana kitufe cha kuzimia, alikuwa ametoka nje na mkasi mkononi, kamwacha mteja kitini na nusu ya kichwa.

— Huko wanafundishwa kunusa, alisema. Mwaka wa kwanza chuma, wa pili shaba. Wa mwisho unanusa dhahabu hata ikiwa kwenye jino la mtu.

— Ushahidi uko wapi? akauliza Mahakama, mzee aliyekuwa tarishi wa mahakama, na tangu astaafu anahukumu kila kitu.

— Ushahidi ni pua.

Mahakama akaitupilia mbali hoja hiyo, kisha akaleta yake iliyoizidi. Wafadhili hawatoi vya bure, alisema. Bila shaka wameona kwa picha za angani kwamba kuna mali chini ya benchi hili hili, na binti anasomeshwa ili aje kuichimbua. Ndiyo maana kahawa ya hapa ina ladha ya msumari. Redio naye hakukubali kushindwa. Akaapa kwamba wahitimu huingia shimo lililo uani kwa chuo na kuibukia nchi ya pili bila pasipoti, na binamu yake aliwahi kumpa mkono mmoja wao, kucha zikiwa bado na udongo wa ng'ambo. Mteja wa nusu kichwa akaita kutoka ndani, akiuliza kama atamaliziwa leo. Hakuna aliyemjibu.

Gongagonga alicheka nao, akijaza vikombe hata visivyoombwa. Mtoto wake, wa kumzaa mwenyewe, mhandisi. Raha ilimjaa mpaka akaona haya.

— Wala usiwe na shaka, jirani, Redio akamgonga bega. Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kicheko kikakatika. Mahakama akakohoa. Mtaa mzima ulijua kwamba Gongagonga aliwahi kuchimba madini, na kwamba shimo lilimchukua mdogo wake mwaka ule binti alipozaliwa. Tangu hapo hajawahi kulizungumza. Redio akainama kutazama kikombe chake, akitamani kuumeza ulimi.

Hapo ndipo binti alipofika. Hakuwahi kuketi kwenye benchi lile. Akawaamkia wazee, wakaitikia marahaba, akakaa kando ya baba yake. Fomu hakuitaja.

— Baba, ukigonga huwa unasikiliza nini?

Miaka yote hiyo ya kahawa, hakuna aliyewahi kuuliza.

— Mwamba, mwanangu. Kabla hujaingia unagonga dari ya shimo kwa mpini wa sururu. Sauti ikiwa nzito, mwamba ni mzima, ingia. Ikilia kama debe tupu, toka mbio.

— Na ikiwa katikati?

Redio akamtazama Mahakama, Mahakama akatazama barabara. Gongagonga akaliweka birika chini.

— Siku ile ililia katikati, akasema mwishowe. Mimi nilisema debe. Baba yako mdogo akasema nzito, akatangulia.

— Hiyo ndiyo ninayokwenda kuisomea, baba. Ina namna ya kupimwa. Nikishuka, nitakuwa nashuka nikijua.

Machozi yakamtoka mbele za watu, na hakujali. Akagonga ubao wa benchi mara mbili, akatega sikio, akaridhika. Akaitandaza fomu pale pale na kutia sahihi, jina likapanda mlima. Binti akambusu mkono, akakimbia na karatasi yake.

Birika lilikuwa tupu, lakini hakuna aliyeondoka. Mahakama akatazama huku na huku, akakunja kidole, akagonga benchi chini ya makalio yake.

— Gongagonga, hii hapa ni nzito au debe?

— Ngojeni mhandisi, akasema Gongagonga, akijifuta macho na kucheka. Ni miaka minne tu.